Walimu wa Jeografia wa Pwani ya Ziwa Waungane
Hotuba ya karani wa mgodi mbele ya wafanya kazi na wenyeji wa mji, Mulongwe, Uvira



Nimeombwa kusema juu ya walimu, na mimi si mwalimu. Mimi ni karani. Kazi yangu ni daftari: nani ameingia shimoni, nani ametoka, mifuko mingapi imepanda, deni la nani halijalipwa. Ninyi mnaofanya kazi nami mwajua jambo lisiloandikwa huleta nini siku ya malipo. Kila mtu anakuwa na hesabu yake, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Basi iko hesabu moja ambayo mji huu hauiandiki, nayo ni hesabu ya maji yetu na ya ardhi yetu. Watu wa kuiandika tunao. Ni walimu wa jeografia. Nimekuja kuwaomba tuwasaidie kuungana, hawa wa Uvira na wenzao wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Kalemie, mpaka Mpulungu kule Zambia, kwa maana ziwa ni moja, na leo kila mmoja anafundisha kipande chake tu kana kwamba ng'ambo hakuna mtu.

Najua wengine mnacheka. Jeografia, mnasema, ni mambo ya kukariri miji mikuu ya Ulaya. Siwalaumu. Katika shule ya misioni niliyosoma mimi ilikuwako ramani moja ya ukutani, na juu yake nchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire, miaka mingi baada ya jina lile kufutwa mwaka 1997. Uvira ilikuwa nukta. Mulongwe haikuwamo. Tulijua kuchora mito ya Ufaransa kwa kalamu ya buluu, na mto tuliokuwa tukiuvuka kila asubuhi hakuna aliyetuuliza unaanzia wapi.

Unaanzia wapi? Tazameni nyuma yenu. Ile milima ya Mitumba ni ukingo wa bonde la ufa. Chini ya ziwa ardhi imezama, huku juu imeinuka, na mji wetu umekaa katikati, juu ya ukanda mwembamba wa mchanga na mawe. Mchanga huu na mawe haya vimetoka wapi? Vimeletwa na mito yenyewe, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Maana yake tumejenga juu ya mizigo ambayo mito imeishusha, na mto unaposhusha mzigo mpya hauulizi kama mwenye nyumba yupo.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 hamhitaji kuelezwa na mtu. Mulongwe ulishuka na mawe makubwa kama magari. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mji huu, maelfu ya nyumba zikaharibika, na mabomba ya Regideso yakavunjika, watu wakarudi kuteka maji ya ziwa na ya mto. Kila mtu wa Uvira anajua kinachofuata maji ya bomba yakikatika. Uchunguzi uliofanywa hapa hapa mjini na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku ambazo bomba limekauka hufuatwa na ongezeko la wagonjwa wa kipindupindu. Yaani mlima ukikatwa miti, mto ukibeba mawe, mawe yakivunja bomba, mtoto analala kitandani hospitalini. Daktari anaona mtoto. Fundi wa maji anaona bomba. Ni nani anayefundishwa kuuona mnyororo wote, tangu mlimani hata kitandani? Ni mwalimu wa jeografia, kama tukimwachia nafasi ya kuifanya kazi yake.

Sasa njooni pwani. Kuanzia mwaka 2020 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu hapa na kule Gatumba na Bujumbura, likapanda tena kwa nguvu mwaka 2024. Nilisikia watu wazima wakisema ni mwisho wa dunia, wengine wakisema ni uchawi, wengine ati wazungu wamefunga mlango fulani. Lakini wazee waliopo hapa mbele yangu wanakumbuka mvua kubwa za miaka ya kwanza ya uhuru, 1961 na 1962, na jinsi ziwa lilivyofika juu sana mwaka 1964. Walipata kuona. Baadaye ziwa likarudi nyuma polepole, likaacha viwanja vizuri, tambarare, karibu na maji, na sisi watoto wao tukavinunua. Tuliuziwa sakafu ya ziwa, na wauzaji walikuwa na mihuri.

Jambo hili halina siri. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1470. Duniani ni Baikal peke yake lililo refu zaidi kwenda chini. Maji yanaingia kwa Rusizi, kwa Malagarasi na kwa mito midogo kama huu wetu. Kutoka, yana mlango mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, nao ni mlango mdogo. Maji mengi zaidi huondoka kwa jua, yakipanda hewani. Basi mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, Lukuga haiwezi kutoa kwa haraka kile kilichoingia, na ziwa linapanda. Tena mlango wenyewe haukuwa wazi siku zote. Cameron aliufikia mwaka 1874, Stanley akaukuta mwaka 1876 umezibwa na mafunjo na tope, na karibu mwaka 1878 maji yakapasua kizuizi kile yakaelekea Lualaba. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuyafahamu haya kwa saa moja, kwa beseni, jiwe na kikombe cha maji. Lakini mwalimu wa Uvira hana kipimo cha Kalemie, na wa Kalemie hajui mvua ya Uvira. Kila mmoja ana nusu ya hesabu. Karani hawezi kufunga daftari la namna hiyo.

Niruhusuni niwaambie habari ya zamani, maana ilitokea katika mji huu na wengi hawaijui.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wamesikia kwamba kaskazini ya ziwa uko mto mkubwa, na Burton alitumaini sana kwamba mto ule unatoka ziwani kwenda kaskazini, kwa kuwa ingekuwa hivyo, basi yeye ndiye amepata Nile. Hapa Uvira wakawauliza vijana wa mtemi. Vijana wakajibu kwamba Rusizi haitoki, inaingia. Ndilo jibu, na kila mvuvi wa hapa angelitoa bure. Mabwana wale hawakufika mlangoni pa mto kutazama kwa macho yao. Burton alikuwa mgonjwa, na wapiga makasia hawakutaka kuendelea. Wakarudi.

Basi mngedhani jambo limekwisha. Halikwisha. Huko London mabishano yakaendelea. Mwaka 1864 Burton alichapisha kitabu akishika tena kwamba ziwa letu linalisha Nile kwa njia ya Rusizi, na mabwana wenye elimu wakachora ramani wakiwa wamekaa mezani. Ikawa mpaka Novemba 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi mpaka mlango wa Rusizi wakaona maji yanaingia ziwani, kama vijana wa Uvira walivyosema. Miaka 13! Na kuyathibitisha si kazi ngumu. Ziwa Kivu liko mita 1460 hivi juu ya bahari, na letu liko 770 hivi. Maji hayapandi mlima.

Siisimulii habari hii ili tuwacheke wazungu. Naisimulia kwa sababu moja. Vijana wale walikuwa na elimu iliyo sahihi, lakini ilikaa kinywani. Hawakuwa na ramani yao, wala kitabu chao, wala mwenzao wa Ujiji aliyeandika jambo lile lile ili maneno mawili yasimame pamoja kama mashahidi wawili. Kwa hiyo neno lao lilingoja mtu mwingine aje alione ndipo liitwe kweli. Na leo je? Ukitaka kujua mambo ya miamba ya Kivu, ramani na makaratasi mengi ya zama za Wabelgiji yamo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mchimbaji aliyezaliwa juu ya mwamba ule hana hata nakala.

Mtauliza, je, hakuna wakubwa wanaoshughulikia ziwa? Wapo. Nchi nne, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka 2003, na ofisi ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko Bujumbura, ng'ambo tu hapo. Tena hapa Uvira tuna kituo cha watalamu wa maji na samaki, ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1950. Watalamu wale wameandika mengi na mazuri. Lakini yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza cha watalamu, kwa ajili ya watalamu. Kutoka kituo kile mpaka darasani mwendo kwa miguu si mrefu, na bado sijaona mtu akiutembea.

Nazo nchi nne hizi hazisemi neno moja. Kongo ina karibu asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Sheria ya Burundi inataka ukanda wa mita 150 usijengwe pembeni ya ziwa hili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60. Maji ni yale yale! Kwa nini huku 150 na huku 60? Hilo ni somo zuri kuliko miji mikuu yote ya Ulaya, na haliwezi kufundishwa na mwalimu mmoja akiwa peke yake. Linataka mwalimu wa Bujumbura aandike mita 150 zilipotiwa alama zilifika wapi mwaka 2024, na wa Kigoma aandike za kwake, na wa hapa aandike kwetu maji yalifika mlango gani.

Lugha ndiyo kikwazo cha kwanza wanachokitaja. Kwetu na Burundi wanasoma sekondari kwa Kifaransa, Tanzania na Zambia kwa Kiingereza. Lakini jamani, sokoni Kigoma tunaongea lugha gani? Tanzania shule za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, na vitabu vya jeografia vya Kiswahili vipo, vimechapwa, vinauzwa. Mashua zinazovuka ziwa zinashindwa kubeba katoni moja ya vitabu? Mwalimu wetu akisema neno la Kifaransa la udongo kuliwa na maji, watoto wananakili. Akisema mmomonyoko, yule ambaye shamba la mama yake liko juu ya Mulongwe anainua kichwa. Mtihani wa Serikali ataufanya kwa Kifaransa, sawa, sisemi tukiache Kifaransa. Nasema afahamu kwanza, kisha ajibu kwa lugha anayoulizwa. Na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi hatuendi kwa majirani kama wageni.

Wala umoja wa namna hii si jambo geni Afrika. Waganda walikuwa na chama chao cha jeografia, na tangu miaka ya 1960 huko Makerere kulitoka jarida la jeografia ya Afrika Mashariki. Sisi hatuna haja ya kuanza na jarida. Tuanze na namba.

Kila shule iliyo tayari iweke kipima mvua. Hata chupa ya plastiki iliyokatwa, yenye ukubwa ule ule juu mpaka chini, na rula, inatosha kuanzia, mradi shule zote zitumie chupa za namna moja na zisome saa ile ile ya asubuhi. Shule zilizo karibu na maji zitie mstari wa rangi juu ya jiwe au nguzo na kuandika ziwa liko wapi kila Jumatatu. Shule zilizo juu ya mto ziandike siku mto unapobadilika rangi. Namba hizi ziingie daftarini, kisha zipelekwe kwa simu kwa walimu wenzao wa miji mingine, na wao walete za kwao. Na kila mwisho wa mvua walimu wakutane, mwaka huu hapa, mwaka ujao Bujumbura au Kigoma. Kwa miaka mitano ya namba hizo mwanafunzi wa Mulongwe atakuwa na kitu ambacho Burton hakuwa nacho.

Nasikia swali la mzee mmoja aliyeniuliza kabla ya mkutano, nalo ni swali la haki. Alisema, katika nchi ya vita mtu mwenye ramani huitwa mpelelezi. Ni kweli, tumeona watu wakipata taabu kwa karatasi ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo kazi hii isifanywe gizani hata siku moja. Prefe wa shule ajue, chefu wa kartie ajue, wazazi wajue, na daftari likae wazi juu ya meza ya shule, kila apitaye alisome. Tuandike mvua, mto na ziwa. Kambi na barabara za askari si kazi yetu, na mwalimu atakayeziweka humo atakuwa ametuharibia sote.

Sasa fedha, na hapa naomba msiondoke.

Mwalimu wa nchi hii mnajua anavyoishi. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za Serikali ilitangazwa kuwa bure, na jambo hilo lilikuwa jema kwa wazazi, lakini sekondari, ambako jeografia hasa inafundishwa, mzazi bado analipa. Wako walimu wanaoitwa N.U., waliokwisha kuajiriwa ambao jina lao halijaingia katika orodha ya mshahara. Anafundisha mwaka, anafundisha wa pili, anangoja. Mtu huyu ukimwambia anunue rula ya kipima mvua kwa fedha yake unamdhihaki. Na ukimwambia aende Kigoma kwa mkutano, nauli ataitoa wapi?

Kudai mshahara wake ni kazi ya vyama vya walimu na ni deni la Serikali, na michango yetu isigeuzwe kuwa kisingizio cha Serikali kutolipa. Hilo nalisema wazi mbele ya wote. Lakini chupa, rula, rangi, daftari na nauli ya walimu wawili kuvuka ziwa mara moja kwa mwaka, hivyo tunaviweza. Wafanya kazi 200 wakitoa franka 500 kila mwezi ni franka 100000. Miezi 12 ni 1200000. Bei ya bia mnaijua kuliko mimi, fanyeni hesabu wenyewe. Daftari la michango nitaliandika mimi, asishike fedha yule anayeandika, na anayeshika asiandike, na kila miezi mitatu hesabu isomwe hapa hapa kwa sauti.

Mtu wa migodini ataniuliza, mimi ninapata nini? Ndugu, tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilinyesha Kamituga, maji yakaingia mashimoni, na watu wapatao 50 walihesabiwa kuwa wamekufa mle ndani. Walikuwa watu hodari. Wengi wenu mliwafahamu. Mchimbaji anausoma mwamba kwa mkono, kwa harufu, kwa sauti ya nyundo, na mwalimu yeyote wa jeografia angefaa kwenda kukaa wiki moja kwenu ajifunze. Hilo nalo liandikwe katika mipango ya umoja huu, walimu wapande migodini. Lakini ukiwa chini huioni mbingu. Mvua iliyonyesha kilometa 10 juu yako jana jioni haikupigii hodi. Kama shule iliyo juu ya kilima ina kipima mvua, na mwalimu wake ana namba ya simu ya kiongozi wa timu yenu, na mmekwisha kupatana kwamba mvua ikifika mstari fulani hakuna anayeshuka, hapo chupa ile ya plastiki ina kazi. Sisemi itazuia kila msiba. Mwenye shimo atanung'unika kwa siku iliyopotea. Anung'unike.

Na ninyi akina mama mnaolima kule juu kandokando ya mto, msidhani tunakuja kuwafukuza shambani kwa kalamu. Mnalima pale kwa sababu huku chini hakuna nafasi. Lakini ninyi ndio wa kwanza kuuona mto ukigeuka rangi, na namba yenu tunaihitaji kabla ya namba ya mtu mwingine yeyote.

Walimu watatu wa mji huu wamekwisha kukubali kuanza, na mmoja ana ndugu anayefundisha Kigoma. Orodha iko juu ya meza ile, karibu na mlango, upande mmoja ni shule zinazotaka kipima mvua, upande wa pili ni majina ya wanaochanga. Jumamosi saa mbili asubuhi tutakwenda pamoja na wanafunzi kuwauliza wazee maji ya mwaka 1964 yalifika wapi, tupige mstari wa rangi penye kila ukuta atakaotuonyesha mzee, kama mwenye nyumba atakubali. Rangi nyekundu tunayo debe moja. Brashi ni mbili tu, na tepu ya kupimia hatuna. Aliye na tepu ya fundi, hata fupi, aje nayo.